Ndoo Chini ya Kiyoyozi

Usiku wa kwanza wa msiba hakuna aliyeikumbuka ndoo.
Ilijaa, ikafurika, maji yakatambaa uani
hadi kwenye ndara za wageni,
na kaka yangu Mundhir, aliyekuwa hajalia bado,
akainama kuziokota zisilowe
akalia hapo hapo, ndara ya mtu mkononi.

Maji ya kiyoyozi, baba.
Nani mwingine hapa Al-Khoudh, mji wa saruji na jua,
aliyeyahesabu?
Asubuhi ndoo moja, adhuhuri ya pili,
mwezi wa saba tatu na kopo.
"Nyumba imetoka jasho kwa ajili yako," ulisema,
"na wewe unalimwaga?"
Ukayabeba kwa mihogo yako minne
ndani ya mapipa ya rangi uliyoyakata mwenyewe,
vijiti vilivyotoka Wete vikiwa vimefungwa ndani ya kanzu.
Majirani walipanda ndimu, walipanda mitende.
Wewe kisamvu.

Miaka thelathini na moja ulipanda nguzo za umeme
ukarudi na mikono inayonuka shaba,
ukavua buti, ukakosha vyombo.
Ami Saud alicheka: mwanamume na sufuria!
"Wali nimeula mie," ukamjibu,
"sasa sufuria nilionee haya ya nini?"

Sitasema ulikuwa malaika, ungenikatiza.
Miwani uliikataa; ujumbe ukausoma kwa mkono ulionyooshwa,
mwaka hadi mwaka, mpaka mkono ukawa mfupi.
Ulinipigia simu alfajiri
kuuliza jambo ulilokwisha kulijua.
Na harusi ya Rayya uliisusa siku mbili nzima
kwa neno ambalo baadaye
wewe mwenyewe ulituomba tukukumbushe.

Sisi wanawake hatukufika makaburini.
Mundhir ndiye aliyenieleza:
changarawe, mlima wa kahawia, joto la saa nne,
mawe mawili yasiyo na jina, kama wengine wote.
Na Shafiqul, Mbangladeshi wa dukani,
alifunga duka, akashika jeneza upande wa kushoto,
hakuliachia mpaka mwisho.
Daftari lake lina deni lako: mkate, betri, riyali moja na nusu.
Amekataa kulipwa.
Ameukunja ukurasa.

Wiki ya sita, barabara ya Mawaleh,
taa ya njano ikawaka mbele yangu: tairi.
Nilisimama kituo cha mafuta, mpira wa upepo mkononi,
sijui pa kuanzia.
Miaka kumi na moja naendesha gari, baba,
na sijawahi kujaza upepo hata mara moja.
Ndipo nikazikumbuka Ijumaa zote zile,
mimi na Mama na chai ya mchaichai ndani,
wewe ukisema unatoka kidogo, kuangalia jua limefika wapi.
Jua!
Na ulirudi magoti ya kanzu yana vumbi.
Kijana wa kituoni aliniuliza, dada, ni upepo tu,
mbona unalia?

Mama yumo edani.
Hazungumzi sana. Kisamvu hakiruhusu kikatwe,
kimekuwa kirefu, kimefika dirisha la chumba chenu.
Jana nililala kwake.
Usiku nilisikia tone, kisha tone,
na kabla ya adhana nikasikia hatua zako,
wallahi zako,
ule mburuzo wa ndara, guu la kulia likichelewa.
Nikachungulia kupitia pazia.

Alikuwa Mama. Miguu yake midogo
imezama ndani ya ndara zako,
kwa hiyo haina budi kuburuza.
Ndoo ameishika kwa mikono miwili.
Alimwagia pipa la kwanza, la pili,
akasimama kupumua,
akamwambia mtu nisiyemwona:
"Leo imejaa mapema."